Mgongo kwa Mgongo

Machi 6

Mvua ya kwanza imeanza alfajiri, na wanafunzi wawili wamenitumia ujumbe kwamba hawaji. Kila masika ni hivi hivi. Watu wanaotaka kusimama mbele ya umati waimbe wanaogopa matone. Ndiyo maana shajara yangu ni ya masika tu. Miezi mingine nyumba inajaa watu wanaopanda na kushuka ngazi za sauti, nami sipati hata dakika ya kujisikiliza.

Mama ameamka vizuri. Nilipokuwa nachemsha chai nikiimba ule wimbo wetu midomo imefumbwa, aliniitikia kutoka chumbani kwake, mimi juu yeye chini. Wimbo hauna maneno. Aliutunga zamani, enzi zake za ufundi cherehani, ili nitulie miguuni pake asije akanishona na mimi. Tangu presha ya macho ilipommaliza kuona, wimbo huo ndio saa yake. Akiusikia anajua kumekucha, anajua nipo, na anajua nipo pembe gani ya nyumba.

Machi 9

Leo amenipigia simu mwongozaji wa filamu, yule anayetajwa kila mahali. Anataka nimfundishe kuimba mwigizaji wake, Machozi. Hata mtoto mdogo anamjua Machozi. Jina alipewa na watazamaji, maana hakuna aliyewahi kutoka kwenye filamu yake macho makavu. Lakini kila alipotakiwa kuimba, mwingine aliimba, yeye akachezesha midomo. Safari hii anacheza mwimbaji wa hotelini aliyekimbiwa na mumewe, na mwongozaji hataki midomo ya bandia. Anataka uhalisia. Neno hilo alilitaja mara nyingi hata nikahisi ni jina la mkewe. Tena anataka mambo yawe tayari kabla masika hayajakwisha, kwa sababu wimbo mkubwa utapigwa picha kwenye mvua ya kweli.

Nilisema nitafikiri. Uongo mtupu, nilishakubali kabla hajamaliza sentensi. Miaka yote hii ninafundisha watu, wanakwenda kuimba, majina yanabaki yao. Nimetamani jina langu lipite hata pale mwisho, wakati watu wanatafuta viatu vyao gizani.

"Mkubalie," mama alisema. "Hata kama hajui kuimba, atatuletea umbea."

Machi 12

Amekuja. Ni mdogo kuliko kwenye skrini, mkimya, amevaa koti la mvua la kawaida tu. Majirani wote walikuwa madirishani wakijifanya wanaanika nguo, katika mvua ile.

Nilimwambia aniimbie chochote alichokijua utotoni. Alifikiri kwa muda mrefu kweli, kisha akaniambia hakuna. Nikampa ngazi ya sauti, akaipanda. Mlango usiotiwa mafuta ungeipanda vizuri zaidi. Hakuona haya. Alitazama mdomo wangu, akaniomba nirudie, akanitazama tena.

Alipoondoka, mama akaniuliza kama yule mgeni hatimaye alifika. Nikamwambia, mama, si amekuamkia, akakaa hapa karibu yako muda wote ule?

"Shikamoo niliisikia," mama akasema. "Mtu sikumsikia."

Machi 13

Mvua. Nampigia mbuzi gitaa.

Machi 14

Mvua. Mbuzi yule yule.

Machi 18

Pumzi hajui, sauti hana, lakini nidhamu anayo. Hachelewi na hachoki. Leo tulipumzika kunywa chai, nikaona anashika kikombe kidole cha mwisho kikiwa kimenyooka wima. Nikataka kucheka. Hicho ni kidole changu mimi. Nilikivunja utotoni kwenye mlango, hakikuwahi kukunjika tena, na watu hudhani najifanya mwenye adabu za kitajiri. Nikamwambia, usinidhihaki. Akakitazama kidole chake kama anakiona kwa mara ya kwanza, akaniomba radhi. Anasema hutokea tu, akikaa na mtu.

Nilipokuwa naosha vyombo nikagundua kwamba changu kinakunjika. Nikakikunja na kukikunjua pale kwenye karai kama mtoto aliyepewa mdoli. Nimefurahi, kwa nini nisifurahi? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Machi 20

Mvua ilikuwa kubwa hata dereva wa Machozi nikamkaribisha ndani asubiri. Ni mtu wa makamo, mwongeaji, sauti inatiririka. Nikamtania kwamba yeye ndiye angefaa kuimba. Akacheka, akasema zamani hakuweza hata kutaja jina lake. Alizaliwa na kigugumizi. Walimu walimchapa, watoto walimwigiza, hata mkewe ilibidi yeye amposee kwa barua.

"Sasa Dada akacheza ile filamu ya muuza magazeti mwenye kigugumizi," akasema. "Unaikumbuka? Alikuwa ananiuliza uliza mambo ndani ya gari, mimi namjibu kwa taabu zangu. Filamu ilipoisha, mwalimu, na kigugumizi changu kikaisha. Alinichukulia."

Nikamwambia ashukuru. Akasema anashukuru. Alizungusha kikombe chake mezani, kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mkewe siku hizi humkatiza akiongea, akamwambia anasikia kama kuna redio imewashwa. Mke anamkumbuka yule bwana aliyehangaika na kila neno kabla ya kumpa.

Nimeiandika kama alivyoisema. Madereva wana hadithi nyingi kwa kuwa kazi yao ni kusubiri.

Machi 24

Mwongozaji alikuja mwenyewe kusikiliza. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema ana wiki chache tu, na kama haiwezekani nimwambie leo, watafute mwimbaji wa kumwimbia kwa kificho. Maana yake na jina langu litafichwa.

Basi nimefanya jambo ambalo mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alinikataza. Yeye alifundisha kwamba mwanafunzi atafutiwe koo lake mwenyewe, hata kama itachukua miaka, na kamwe asipewe la mwalimu. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," ndivyo alivyotuambia, mbele ya wazazi wetu. Kuna njia ya mkato ambayo walimu wote tunaijua na hatuisemi. Unaweka vigoda viwili, mnakaa mgongo kwa mgongo, mbavu kwa mbavu, mwalimu anaimba na mwanafunzi anaimba juu yake. Mwanafunzi hasikii tu, anahisi mbavu zinavyofunguka, pumzi inavyoshikwa, mahali inapoachiwa. Kisha mwalimu anapunguza sauti yake kidogo kidogo hadi anamwacha mwenziwe akiimba peke yake bila kujua kwamba ameachwa.

Tumekaa hivyo leo. Mgongo wake ni wa baridi, hata kupitia sweta. Kabla ya adhuhuri mlango ulikuwa umetiwa mafuta.

Machi 26

Maajabu. Siwezi kueleza. Amepanda hadi juu kabisa, akashuka bila kuteleza. Nilikuwa nimenyamaza zamani. Mama akapaza sauti kutoka chumbani kwake: "Leo umeamka na koo zuri, Kitinda."

Kitinda ni mimi, kitindamimba wake. Nikamjibu kwamba si mimi, ni mgeni. Nami, nikubali tu, nilijaa majivuno. Mwalimu gani hafurahi mwanafunzi akifanana naye?

Machi 29

Mvua. Mgongo kwa mgongo, asubuhi na mchana.

Aprili 2

Nota yangu ya juu imekataa. Nimeifuata mara mbili nikakuta hewa tupu. Haya ni mafua ya masika. Nimejifukiza mvuke, nimekunywa asali.

Aprili 3

Asali. Mvuke. Nota mbili zaidi zimekwenda.

Aprili 5

Daktari wa koo ameniingiza kamera yake nyembamba, akanionyesha picha. Akasema angetamani wagonjwa wake wote wawe na koo kama hili. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda, hakuna hata wekundu. Nikamwomba anisikilize nikiimba. Nikaimba. Alitikisa kichwa kwa huruma na kuniuliza kama nina mawazo.

Ni nani asiyekuwa na mawazo? Lakini mawazo hayali nota kutoka juu kwenda chini kwa mpangilio, kama mtu anayehamisha vyombo.

Aprili 8

Asubuhi nimeimba wimbo wetu jikoni, kwa kile kilichobaki. Mama hakuitikia. Nilidhani amelala. Nikamkuta amekaa kitandani, kilemba amekifunga mwenyewe, uso ameugeuzia mlangoni.

Nikamwambia, mama, chai. Akaipokea kwa mikono miwili. "Asante sana," akasema. "Usingejisumbua."

Mama yangu hajawahi kuniambia asante kwa kikombe cha chai. Huniambia nimeweka sukari ya wachawi, au nimeichelewesha mpaka imekuwa ya jana. Nimerudi jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Aprili 9

Mvua. Mama amesema asante.

Aprili 10

Mvua. Mama amesema asante, na ameniuliza kama kwetu ni mbali.

Aprili 11

Nimejirekodi kwa simu na kusikiliza. Sauti ya kuongea ipo. Inasikika wazi, maneno yote yanatoka. Ila ni sauti ya mtu yeyote, ile inayokuambia namba unayopiga haipatikani. Nilipomweleza mama kwamba ni mimi, Kitinda, nina mafua, alinipapasa mkono, akapapasa kidole changu cha mwisho, akakikunja. Kikakunjika. Akanirudishia mkono wangu taratibu kama mtu anayerudisha bidhaa dukani.

"Pole na mafua," akasema.

Nimelia chooni, maji ya bomba yakiwa yamefunguliwa. Mama hajachanganyikiwa. Anajua tarehe, anajua madeni ya jirani yetu, anakumbuka kila gauni alilowahi kushona. Hilo ndilo linalonitisha. Angekuwa amepotewa na akili ningemwonea huruma.

Aprili 13

Nilimwandikia Machozi kwamba mafunzo yamekwisha, asije tena. Nikaenda kununua mkate. Kurudi, nimefika mlangoni na mwavuli unachuruzika, nikasikia cherehani.

Cherehani ya mama ipo chumbani kwake kwa sababu hataki iuzwe. Haina uzi wala sindano. Na ilikuwa inakwenda, nasikia kanyagio linavyopiga. Juu yake palikuwa na wimbo wetu, sauti mbili, ya kushuka na ya kupanda. Niliyoisikia ni mimi. Mimi wa kabla ya mafua, mimi wa kila asubuhi, nikiwa chumbani na mama yangu, na wakati huo huo nikiwa nje na mkate.

Nilipochungulia, Machozi alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani, chini ya mguu wa mama unaokanyaga. Alikuwa amefumba macho. Mama alikuwa anamgombeza kwamba nywele zake hazijachanwa. Sikuweza kuingia. Nimesimama nje hadi mkate ukalowa.

Sijamfundisha wimbo ule. Sijawahi kumwimbia hata mara moja.

Aprili 17

Leo wamepiga picha ya wimbo. Nilikwenda kwa sababu mkataba unasema niwepo, na kwa sababu nilitaka kusikia hadi mwisho.

Ni hoteli ya zamani iliyofungwa; wameng'oa sehemu ya bati ili mvua iingie ukumbini kwa haki yake. Mafundi wa taa wamejifunika plastiki. Machozi akapanda jukwaani na gauni la kijani lililolowa, akasimama katikati ya maji yanayodondoka. Mwongozaji akanong'ona neno lake, uhalisia. Machozi akaanza.

Sijui niandikeje. Nimeimba miaka yote, lakini mtu hajisikii. Anajisikia kwa ndani, kupitia mifupa. Leo nimejisikia kwa nje. Nilikuwa mzuri. Hakuna aliyewahi kuniambia nilikuwa mzuri kiasi kile. Fundi wa sauti, jitu zima lenye ndevu, aliacha vifaa vyake akajifuta machozi na kofia. Mwanamke wa mavazi alikuwa amejiziba mdomo. Nikafungua midomo nimsindikize kwenye ule mstari wa mwisho, kama nilivyofanya mgongoni kwake, na pumzi ikatoka ikaenda zake bila kubeba kitu. Sikukwaruza wala sikukohoa. Ilikuwa kama kusukuma mlango wa nyumba ambayo haina tena kuta.

Makofi yalipoanza nilimtazama usoni. Watu walikuwa wanampigia makofi, naye alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama anayesubiri kitu kingine. Nimemwona mtu anayesubiri kuitikiwa. Nikamchukia, na papo hapo nikamwonea huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma zaidi.

Aprili 18

Nimemwendea kwake. Nyumba yake ni kubwa, vyumba vyeupe, hakuna picha ukutani. Dereva alinifungulia geti, hakunitazama machoni.

Nikamwambia anirudishie. Sikupamba maneno.

"Mwalimu, mimi sichukui," akaniambia, kwa sauti yangu. "Watu hunipa. Wewe ulinikalisha ukanipa."

Nikamuuliza yake iko wapi. Akasema hakumbuki kama aliwahi kuwa nayo. Akiwa peke yake humu ndani haongei, na akikaa sana bila kuongea, mtumishi huingia chumbani akafagia na kuzima taa akidhani hamna mtu. Alisema hivyo bila kujisikitikia, kama anavyosema kwamba kuna mvua.

Tukajaribu. Tuliweka viti viwili, mgongo kwa mgongo, yeye sasa ndiye mwalimu. Aliimba, mimi nikamfuata juu yake, nikihisi mbavu zake zinavyofunguka kwa namna yangu. Alipunguza sauti vizuri kabisa, hata mimi sijawahi kumwacha mwanafunzi kwa upole ule. Kila alipopungua, kimya kiliingia mahali pake. Tumerudia hadi jasho likatulowesha wote wawili. Sijui kuchukua. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kutoa, na kuchukua nako kumbe ni ufundi, una watu wake.

Nikamuuliza sauti ile atakuwa nayo hadi lini. Akaniambia hadi filamu nyingine. Kigugumizi cha dereva alikuwa nacho hadi alipocheza jaji katika filamu nyingine. Kikafutika, hakikurudi kwake wala kwa mwenyewe. Na filamu inayofuata imeshapangwa. Anacheza mwanamke bubu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua yote ikanipata.

Aprili 21

Mama ana homa. Kifua kinabana.

Aprili 22

Daktari amekuja, amemchoma sindano, amesema wazee huondoka zaidi kwa baridi ya masika kuliko kwa kitu kingine, tumlishe na tumchangamshe. Mama hali. Supu nimempa kijiko kwa kijiko, anaitemea kwenye leso kwa adabu na kuniomba msamaha. Kila baada ya muda anauliza Kitinda amechelewa wapi. Nikimwambia nipo hapa, ananyamaza ili asinivunje moyo.

Aprili 23

Bado hali chakula. Anazidi kusinyaa. Ameniambia, "Bibie, kama mwanangu hatakuja, usimlaumu. Alikuwa mtoto mwema."

Alikuwa.

Aprili 24

Asubuhi nimempigia simu Machozi. Niliiweka simu chini mara kadhaa kabla sijabonyeza. Nikamwambia, njoo. Hakuniuliza sababu.

Alikuja amejifunika kanga kichwani, bila koti lake, akavua viatu mlangoni mahali ninapovua mimi, akapita jikoni kuosha mikono kama ninavyoosha mimi. Kisha akaimba. Hakuingia hata chumbani. Alisimama jikoni akipasha supu na kuimba, na kutoka chumbani ile sauti ya kushuka ikainuka, nyembamba, imekwaruza, lakini imeinuka. Supu ililiwa yote. Nilisikia mama akilalamika kwamba imezidi chumvi, na nikajikuta natabasamu ukutani kama mwehu.

Mchana Machozi alipokwenda kuosha bakuli, nikaingia kumbadilisha mama shuka. Nilimshika mkono kumgeuza. Hakuuachia.

"Unadhani sijui?" akaniambia.

Nikasimama na shuka mkononi.

"Mkono wako naujua tangu hauwezi kushika kijiko. Kidole kikunjike kisikunjike. Najua ni wewe unayenifulia, unayenigeuza. Yule sijui hata ametokea wapi."

"Basi mbona unamwita yeye mwanao?" nikamuuliza. "Mbona mimi unaniambia asante?"

Jikoni sauti yangu ilikuwa inaimba. Mama alisubiri mstari wake ufike, akauitikia, ndipo akanijibu.

"Yeye akiimba, naona. Nakuona wewe, umekaa pale chini, nywele hazijachanwa, umeshika vipande vya vitambaa. Naiona hata mikono yangu mwenyewe. Wewe ukiongea, mwanangu, ni giza. Nimejaribu. Nimekaa nikakusikiliza, nikakuita moyoni, naona giza tu." Akakohoa. "Nimebakiwa na kitu kimoja cha kuonea. Usinikasirikie."

Nikamwambia kwamba yule anaondoka. Nikamweleza filamu ya bubu. Sauti ile itafutika, mama, haitakuwapo popote.

"Basi asiondoke. Mwambie akae hapa."

"Na mimi?"

Alinipapasa uso wote, paji, mashavu, kidevu. Mikono yake ilikuwa na moto wa homa.

"Wewe una macho," akasema.

Aprili 25

Sikuandika zaidi jana, sikuwa na mkono wa kuandikia. Leo nimemwambia Machozi kile mama alichosema. Nilitegemea atakataa. Mtu ana jina lile, ana magari, mwongozaji anamsubiri. Alitazama sakafu, na machozi yakamtoka, na kwa mara ya kwanza sikuweza kujua kama anaigiza.

"Wananipigia makofi," akasema. "Hajawahi kutokea mtu akaniitikia."

Aprili 27

Dereva ameleta mabegi yake. Filamu ya bubu ameikataa. Magazeti yanasema anaumwa. Dereva aliniuliza kwa siri kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri. Akashika usukani, akataka kusema kitu, maneno yakawa mengi na laini na hayakusaidia.

Mama amekula mara tatu.

Aprili 30

Mvua ndogo. Wameimba asubuhi. Homa imekwisha.

Mei 2

Tatizo ni hatua. Mama anasikia miguu ya watu wawili ndani ya nyumba, na mimi nikiongea anashtuka, picha yake inavunjika. Aliniuliza tu kama chumba cha uani bado kinavuja. Akufukuzaye hakwambii toka. Nimepanda juu nikaziba bati mwenyewe, nikahamishia kitanda changu na piano yangu. Wanafunzi wanaona ni afadhali huku, kumetulia.

Sasa nawafundisha kwa mdomo tu. Nawaambia, vuta, shika, achia. Watafute koo lao, hata ikichukua miaka. Yule msichana wa jirani ameniomba tukae mgongo kwa mgongo, sijui nani alimwambia. Nimemfukuza kwa ukali, akaondoka analia.

Mei 4

Mvua haikunyesha. Machozi amenenepa kidogo. Anachana nywele uani asubuhi, na akinikuta ananipisha njia kwa heshima, shikamoo mwalimu. Namwitikia. Sina chuki naye tena, na hilo linanitisha kuliko chuki.

Mei 7

Masika yamekwisha. Jua limetoka tangu asubuhi na ukuta wa uani unatoa mvuke. Nilikuwa na nguo za mama nilizofua, zimekauka, nikaona nimpelekee mwenyewe nimtazame japo kidogo. Nilipofika mlango wa nyuma nikasikia wanacheka ndani, na cherehani inakwenda. Ningeweza kuingia tu. Ufunguo ninao, nyumba niliijenga mimi. Lakini mkono ulijiinua wenyewe ukagonga, na nikajisikia nasema hodi.

Cherehani ikanyamaza. Kisha sauti yangu ikatoka ndani, changamfu, ya mtu aliye kwao, ikasema, "Karibu, mgeni. Pita ndani, usiogope."

Nikasema asante, nikavua viatu, nikaingia.